Kitabu cha Kuku na Mwanamume wa Darasa la Nne

Nilikuwa nachagua vitunguu kwa Nanjala, katika soko la Kakamega, aliponiambia kwamba Makokha amefariki na kwamba angezikwa Jumamosi kwao Navakholo. Nanjala nilimfundisha darasa la nne, na hata leo, mama mzima mwenye mjukuu, hawezi kunipimia vitunguu bila kuniita Madam na kuongeza kimoja juu. "Ni yule Makokha wetu," akasema, "yule wa kitabu ya kuku." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema yule wa duka la kona, nami nikasimama pale na kikapu mkononi nikamkasirikia. Zaidi ya miaka thelathini mtu amekata miwa, ameoa, amezaa, amejenga nyumba ya mabati, halafu akifa anatambulishwa kwa kurasa chache alizosoma asubuhi moja akiwa kijana. Nililipa nikaondoka bila kuaga vizuri. Nanjala anazijua hasira zangu, hakushangaa.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa mwalimu bila kuwa mwalimu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, chuo cha ualimu hakijaniita, na kamati ya wazazi wa shule moja huko Navakholo ikaniajiri kwa sababu hakuna aliyesomea kazi hiyo aliyetaka kwenda kukaa huko. Habari za kwetu Amalemba, nani alinizaa na nani alinilipia karo, haziingii hapa. Nilipewa chumba katika boma la mjane mmoja aliyeitwa Kukhu Felesia. Kukhu ni nyanya, na boma zima na nusu ya kijiji walimwita hivyo, nami nikafuata. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi, na ukuta wa udongo uliokitenga na jikoni. Ukuta ule ulizuia moshi kidogo, na maneno haukuyazuia hata kidogo. Nikilala nilisikia mwiko ukigeuza obusuma, ugali wa kwao, nikasikia mboga ya mrenda ikichemka, nikasikia nani ana mimba, nani ameuza ng'ombe wa ndugu yake, na nani anasema mwalimu mpya ana maringo ya mjini. Hilo la mwisho lilisemwa na Kukhu mwenyewe, na jioni hiyo hiyo akaniwekea firigisi ya ingokho, yaani kuku, kwenye sahani yangu, na mahali pale firigisi haipewi mwanamke. Sijui alikuwa anaomba radhi au ananijaribu. Niliila yote.

Mwalimu mkuu, Bwana Sakwa, alinikabidhi darasa la nne pamoja na ufunguo wa kabati la vitabu. Alikuwa mtu mwoga, mwenye suti moja ya kijivu, na alivipenda vitabu vile kwa namna ya mtu anayependa vyombo vya wageni: visafishwe, vihesabiwe, visiguswe. Kila darasa lilikuwa na kitabu chake cha kusoma, na kila kitabu kilikuwa na rangi yake. Mtoto aliyeshindwa na kitabu cha darasa lake alikuwa "anashushwa". Alipewa cha darasa la chini, akishindwa tena cha chini zaidi, mpaka afike kitabu cha njano cha darasa la kwanza, chenye herufi kubwa kama vidole na picha ya kuku kwenye jalada. "Kitabu hufuata kichwa, Madam," Bwana Sakwa aliniambia, "hakifuati urefu wa suruali." Nilikubali. Nilikuwa sijafikisha miaka ishirini na mbili na maneno hayo yalionekana kuwa na akili.

Sasa, mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa jando. Mwezi wa nane wavulana walipigiwa ngoma za isukuti njia nzima, wakatahiriwa, wakakaa mpaka wakapona, na Desemba wakatoka wakiwa wanaume. Wageni wa mkoa ule hudhani hilo ni jambo la sherehe tu, watu wale nyama halafu maisha yaendelee. Sivyo. Makokha, mjukuu wa Kukhu Felesia, aliingia jandoni akiwa analala jikoni karibu na mbuzi, akatoka akajijengea isimba yake, kibanda cha kijana mwanamume, kando ya lango. Kukhu hakumtuma tena maji. Hakumwita tena mtoto. Alimwita "mume wangu", nusu kwa utani na nusu kwa heshima, na chakula chake kilipelekwa kwenye isimba na dada zake. Alikuwa na miaka kama kumi na mitano, mrefu, sauti imeshavunjika, na alikuwa bado darasa la nne kwa sababu miaka mingi alikuwa amechunga ng'ombe wa watu badala ya kwenda shule. Kusoma hakujua. Januari akarudi shuleni na kichwa kilichonyolewa, akaketi kwenye dawati lililomfika magotini.

Wiki ya kwanza nikafanya kama nilivyoambiwa. Nilimjaribu na kitabu cha darasa la nne, akashindwa. Cha tatu, akashindwa. Cha pili, akakifunga tu. Basi nikafungua kabati nikamletea kile cha njano. Alikiangalia yule kuku kwenye jalada, akaangalia watoto waliomzunguka, wengine hawajaota hata meno yote, akasimama. "Madam," akasema polepole, "hii ni ya watoto." Nikamwambia akae asome. "Siwezi shika hii. Wenzangu wakisikia itakuwa mbaya." Kisha akatoka nje, bila kubamiza mlango, akakaa chini ya dirisha mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Bwana Sakwa aliniambia nimchape. Nilimuuliza ni nani mahali pale angemruhusu msichana wa Amalemba amchape mwanamume wa watu, naye akajifanya anatafuta chaki.

Jioni moja nikiwa chumbani nikasikia sauti ya mjomba wake upande wa pili wa ukuta. Alikuwa nyapara wa wakataji miwa katika shamba moja kubwa la huko chini, mtu wa sauti nzito, na alikula huku akiongea. "Mama, huyu amepashwa, ni mwanaume. Anaketi na watoto wa nini? Nampeleka kwa miwa." Kukhu akasema amwache asome. "Anasomanga nini? Niambie kitu moja anasoma." Nilisikia Kukhu akikwangua sufuria. Halafu akasema, "Mpatie huu mwaka. Akishindwa kusoma mpaka Desemba, uchukue yeye." Mjomba akacheka, akaomba mboga zaidi, na wakaanza kuongea juu ya mvua. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani na kijiko cha uji kimesimama njiani. Niliogopa. Mkono wa mkata miwa nilikuwa nimeshauona, na nilijua kwamba mtu haendi kule kwa mwaka mmoja.

Jumamosi iliyofuata nikaenda mjini kutafuta kitabu. Niliingia maduka yote ya vitabu ya Kakamega, hayakuwa mengi, na kila muuzaji aliniuliza swali lile lile: darasa la ngapi? Nikisema nataka maneno mepesi ya darasa la kwanza lakini mambo ya mtu mzima, waliniangalia kana kwamba naomba chai isiyo na maji. Vitabu vyepesi vyote vilikuwa na paka, mpira, kuku, na mama aliyevaa aproni. Vya watu wazima vilikuwa na maneno ambayo mimi mwenyewe niliyaruka. Mwishowe, nyuma ya soko, nikampata mzee mmoja wa Mumias aliyetandaza vitabu vikuukuu juu ya magunia. Nikamsalimu asalaam aleikum, akafurahi, akaniachia nichokore nitakavyo. Chini kabisa nikapata kijitabu kisicho na jalada, cha kufundisha kutengeneza baiskeli. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro, na chini ya mchoro sentensi fupi fupi: Geuza baiskeli. Legeza nati. Toa gurudumu. Tafuta tundu. Nilisimama juani nikakisoma chote. Maneno hayakuwa magumu kuliko ya kuku, lakini hakuna mwanamume ambaye angeona haya kukishika.

Kumfundisha wapi likawa swali jingine. Isimba yake singeweza kuikanyaga, chumba changu asingeweza kukikanyaga, na shuleni kulikuwa na macho ya watu. Kukhu ndiye aliyekata shauri. Akasema tutasoma jikoni kwake saa za jioni, yeye akipika, mlango wazi, atakayetaka kusema aje aseme ndani. Makokha alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mgeni, mimi karibu na moto, na kijitabu kikapita katikati yetu mpaka kikanuka moshi. Kwa wiki kadhaa haikutoka kitu. Alikisia neno kwa kuangalia mchoro, nami nikafunika mchoro kwa kiganja, naye akakasirika. Halafu siku moja, Kukhu akiwa anaponda viazi na maharagwe ya omushenye, akasoma ukurasa wote nikiwa nimeufunika mchoro. "Shika tairi kwa mikono miwili," akamalizia, akainua uso. Kukhu aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Mume wangu," akasema, "rudia." Akarudia. Kukhu alimtaka arudie tena na tena mpaka chakula kikaungua chini, tukala omushenye wenye ladha ya masizi na hakuna aliyelalamika. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, za kuaga na za kupandishwa cheo. Sikumbuki hata moja kama ninavyokumbuka ile.

Darasani nikaanza kumruhusu awe na kijitabu chake ndani ya dawati, na wavulana wengine wakubwa wakaanza kumsogelea. Nikatafuta karatasi za bwana shamba, za kuogesha ng'ombe wenye kupe na za kupanda mahindi kwa mistari, nao wakazigombania. Bwana Sakwa aliona. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia mkaguzi wa shule atakuja muhula wa pili, na kwamba mkaguzi yule hataki kuona shuleni kitabu ambacho ofisi haikukipitisha. "Wewe huna cheti, Madam. Mimi ndiye nitaandika barua yako ya chuo. Nikisemwa kwa sababu yako, sitaandika." Hakusema kwa ukali, alisema akijifuta jasho. Jioni nilimweleza Kukhu yote hayo jikoni, nikilalamika kama mtoto, na Makokha alikuwa kwenye kigoda chake akisikiliza. Sikufikiria kwamba alikuwa anasikiliza.

Mkaguzi alikuja siku ya baridi, na viatu vinavyong'aa. Alisimama mbele ya darasa langu, akapita katikati ya madawati, akainama, akatoa kijitabu cha baiskeli kwa vidole viwili. "Hiki ni nini?" Bwana Sakwa aliangalia sakafu. "Nauliza, mwalimu. Wasiojua kusoma katika darasa hili unawafundisha kwa kitabu gani?" Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeamua kusema kweli, na ninajua ningeisema vibaya, kwa hasira, na ningetoka pale bila kazi. Lakini kabla sijatoa neno Makokha alisimama. "Hiyo ni yangu ya nyumbani, sir," akasema. "Hapa shule nasomanga ya kuku." Akatembea mpaka kwenye kabati lililokuwa wazi, akatoa kitabu cha njano, akasimama mbele ya watu wote akakifungua.

Akasoma. Nje wavulana wa darasa la saba na la nane walikuwa wanakata nyasi, wale waliotahiriwa siku moja naye, na dirisha halikuwa na kioo. "Huyu ni kuku," akasoma kwa sauti yake nzito. "Kuku ana vifaranga. Kuku anaita, kwe, kwe, kwe. Njoo, kifaranga. Njoo kwa mama." Watoto walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu hakuwa anaharakisha. Aliheshimu kila nukta. Alisoma kitabu chote, kurasa zote, kwe kwe kwe zote, na mafyekeo nje yakanyamaza moja moja. Nilitaka kumwambia inatosha. Alipofika mwisho mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mtoto mzuri," akasema. "Mnaona, mwalimu mkuu? Mkifuata vitabu tulivyowapa, mtoto anajua. Haya, watoto, mpigieni mwenzenu makofi ya kilo." Na darasa zima likapiga makofi yale ya chekechea, kilo moja, kilo mbili, kilo tatu, huku mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho akiwa ameshika kitabu cha kuku kifuani. Dirishani vichwa vilikuwa vimejaa.

Jioni hakuja jikoni. Tulisikia wenzake wakipita barabarani wakiita kwe, kwe, kwe, karibu na lango, karibu na isimba yenyewe, na Kukhu akatoka na mwiko akawatukana matusi ambayo sijui alijifunza wapi. Chakula chake kilirudi kama kilivyokwenda. Asubuhi nilimkuta uani, amefunga nguo zake ndani ya shuka. Alikuwa anamsubiri mjomba. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile, na nadhani niliuliza kwa ukali, maana ndivyo ninavyolia. "Ungefutwa, Madam," akasema. "Mimi nikifukuzwa hapa niko na miwa. Wewe ungeenda wapi?" Nikamwambia Desemba bado, hakuna aliyemfukuza, amekwisha kujua kusoma, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Aliniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia msichana. "Kujua najua," akasema. "Lakini sasa nitakaa wapi?" Mjomba alipokuja hakusema lolote la dharau, hata aliniamkia vizuri. Kukhu alibaki jikoni, hakutoka kuwaaga.

Bwana Sakwa alisifiwa kwa maandishi. Kila mvulana mkubwa asiyejua kusoma akapewa kitabu cha njano kwa amri, na kabla ya mwaka kuisha wote walikuwa wamekwisha kwenda zao, huyu kwenye miwa, yule kwenye kokoto. Barua yangu ya chuo iliandikwa vizuri sana. Nikasoma, nikapata cheti, nikafundisha shule nyingi, na sasa nakaribia kustaafu. Miaka mingi nimekaa kwenye kamati za kuchagua vitabu, katika vyumba vyenye maji ya chupa, tukipokezana vitabu ambavyo nyuma yake pameandikwa umri wa msomaji. Nikikiona kile kijisehemu cha umri mkono wangu hukigeuza kitabu upande wa pili. Wenzangu hudhani ni uzee. Nimepigania vitabu vyepesi vya vijana wakubwa mpaka nimeitwa msumbufu, vimechapishwa vichache, na kila nilipovipeleka Navakholo nilisikia Makokha yuko kambini kwenye miwa, hayuko, alipita jana. Ukweli ni kwamba nadhani alikuwa ananikwepa, na sikumlaumu.

Jumamosi nilikwenda kumzika. Kukhu Felesia alikwisha kuzikwa zamani katika boma hilo hilo, na jiko lake halipo; tenti ya waombolezaji ilisimamishwa karibu na mahali pale. Nilimwona mjane wa Makokha, mwanamke mwembamba aliyekuwa akiwapanga watoto wake wakae kwa kufuatana, na nikaona karatasi ya wasifu ikisomwa na kijana mwenye maikrofoni. Alizaliwa, akapashwa tohara, akafanya kazi ya miwa kwa bidii, akaugua kifua. "Marehemu hakubahatika kujua kusoma na kuandika," kijana akasoma, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma ya kawaida. Waliotahiriwa pamoja naye waliitwa mbele, wanaume wanene wenye mvi, wakasema alikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyetaja kuku. Kiongozi wa shughuli akauliza kama kuna mwingine. Nilisimama. Goti langu moja halinisikii siku hizi, ikabidi nishikwe mkono.

"Mimi nilikuwa mwalimu wake," nikasema. "Hiyo karatasi imekosea. Makokha alijua kusoma. Alisoma kitabu kizima mbele yangu na mbele ya mkaguzi, hakukosa neno, na kwa sababu alisoma mimi nikapata kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wako watu hapa walimsikia." Niliwatazama wale wanaume wanene mmoja mmoja. Walikuwa wanaangalia nyasi. Nikarudisha maikrofoni nikakaa.

Watu walipoinuka kwenda kaburini, mjane alinisogelea. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikajiandaa kumpa pole. Alinishika mkono, akaukagua uso wangu.

"Madam, ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Ripoti za watoto zikikuja, alikuwanga ananipatia nimsomee," akasema. "Tulikuwa tunaketi hapo nje, na mimi mwenyewe sikusoma sana, nakosea kosea. Hata siku moja hakunirekebisha."